Yule Mwanamke wa Kwenye Simu

Jumamosi asubuhi Atupele alicheza peke yake sebuleni kwake Misugusugu, mwiko wa uji mkononi, mpaka jirani akaita kutoka upande wa pili wa ukuta kuuliza kama kuna mgeni amekuja. Hakukuwa na mgeni. Kulikuwa na arobaini kwa arobaini. Wanaume arobaini wa Kibuta, kule Kisarawe, watu wazima wenye presha zao na vitambi vyao vya heshima, walikuwa wamepigiwa simu jana jioni na mtambo wake, wakaulizwa kama wamekula mboga za majani, na wote arobaini wakabonyeza moja. Moja maana yake ndiyo. Miezi mitatu mfululizo ilikuwa moja, moja, moja. Mtu mwingine angefurahi kimyakimya, lakini Atupele hakuumbwa hivyo.

Na haki ya kucheza alikuwa nayo, msimwonee. Miaka kumi na mitatu alikuwa mtafiti wa lishe, na kumi kati ya hiyo aliimaliza akibandika mabango. Alibandika bango la mlo kamili kwenye zahanati moja, akarudi baada ya mwezi akakuta limefungiwa vitumbua. Akabandika jingine, akalikuta limeziba tundu la dirisha, papai likitazama nje na samaki akitazama ndani. Akaendesha semina ambazo watu walijaa kwa ajili ya soda, soda zilezile alizokuwa anawakataza wasinywe. Ndipo siku moja, katikati ya semina, akaona kila mtu ameinamia simu yake, akajipiga paji la uso. Kumbe hawa watu wapo, ila wako mle ndani.

Akamtafuta Brighton, mtaalamu wa kompyuta wa ofisini kwao, baba wa watoto watatu mwenye upara na subira. Wakatengeneza mtambo unaopiga simu kila siku saa kumi na mbili jioni, hata kwenye simu ya kitochi ya elfu ishirini. Sauti alirekodi Atupele mwenyewe, amejifungia ndani ya kabati la nguo ili kuzuia mwangwi, kwa upole wote aliozaliwa nao huko kwao Tukuyu. “Habari za jioni. Leo umekula mboga za majani? Kama umekula, bonyeza moja. Kama hujala, bonyeza mbili.” Kisha likaja swali la chumvi, likaja la kutembea kwa miguu, halafu kwaheri yenye tabasamu. Brighton aliapa kwamba tabasamu lile linasikika.

Sasa Alhamisi ilikuwa inakuja, na pamoja nayo Dkt. Stellamaris, mwenyekiti wa kamati ya wafadhili. Sharti lake lilikuwa moja, ameliandika kwa herufi nzito: Jumatano jioni simu zisizopungua thelathini ziwe bado zinajibu. Zikijibu, mradi unaenda Mkoa wa Pwani wote. Zisipojibu, mradi unafungwa, mkataba wa Atupele unakwisha, na yeye anarudi kwenye mabango. Hilo la mabango ndilo lililokuwa linamtoa jasho.

Jumamosi ileile jioni zilijibu simu ishirini na mbili. Akasema labda ni mtandao. Jumapili jioni akakaa na Brighton mbele ya kompyuta, saa kumi na mbili ikafika, ikapita, ikafika na nusu. Ilijibu simu moja. Ilikuwa ya Mzee Mwishehe, na Mzee Mwishehe, mtu ambaye tangu mradi uanze hajawahi kukosa mboga hata siku moja, alikuwa amebonyeza mbili.

Brighton alikagua mtambo kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaukuta mzima. Simu zenyewe ndizo zilizokuwa zimezimwa, zote thelathini na tisa. Atupele akasema simu haziwezi kufa pamoja kama kuku wa mdondo, lazima kuna jambo, na kesho alfajiri wanakwenda Kibuta. Usiku huo hakulala vizuri, tusifichane.

Jumatatu wakachukua gari la ofisi, wakapitia Kisarawe mjini, wakaingia Kibuta saa nne kasoro. Wa kwanza kumwona alikuwa Latifu, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, mmoja wa wale arobaini na ndiye aliyewaandikisha wenzake. Siku zote Latifu humpokea kwa mikono miwili. Safari hii alifunga mlango mmoja wa duka, akabaki nyuma ya ule mwingine, akaongea kama mtu aliyeumwa jino. Alimwomba dada Atu, kama anampenda, asimsalimie kwa sauti. Wanaume wengine wawili waliokuwa wanakuja barabarani walimwona, wakasimama, wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli ndani ya mihogo, wakaingia humo na baiskeli zao. Atupele akauliza kulikoni. Latifu akaonyesha kwa kidevu nyumba ya Mzee Mwishehe, kisha akafunga na mlango wa pili.

Uani kwa Mzee Mwishehe walikuwapo wanawake wapatao ishirini na tano, wameketi juu ya mikeka, wote wamevaa kanga za aina moja, mpya kabisa, ambazo hazijaonja maji. Hakuna aliyepika, hakuna aliyetwanga, hakuna aliyeshika mtoto. Walikuwa wanamngojea. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa maana ya kanga za sare zilizonunuliwa siku moja, na Atupele, ingawa ni wa Tukuyu, alikuwa ameishi Pwani muda wa kutosha kujua kwamba ujumbe huvaliwa ili usomwe na mlengwa. Akasoma. JIKONI KWANGU HUNA MWALIKO. Akahesabu harakaharaka waliokaa kati yake na lango.

“Shikamooni mama zangu,” akasema.

Marahaba ilikuja mara moja, tena tamu, kwa sababu adabu ni adabu hata siku ya vita. Wakamtandikia mkeka wake peke yake, katikati. Wakampa maji ya kunywa. Wakamtazama kutoka kwenye viatu mpaka kwenye nywele, na mmoja wao, Bi Shamsia, mke wa Latifu, akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba kumbe ni mfupi.

Mwenye nyumba, Bi Zena, mke wa Mzee Mwishehe kwa miaka thelathini na moja, alikuwa ameketi juu ya kigoda, mgongo umenyooka kama hakimu. Hakuuliza jina wala habari za safari.

“Hebu sema habari za jioni,” akamwambia.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Lakini ukiwa umezungukwa hivyo husahihishi saa. Atupele akasema habari za jioni, kwa upole uleule, maana mwingine hana. Wanawake wakatazamana. Bi Shamsia akapiga kofi moja magotini.

“Ndiye,” akasema.

Hapo Bi Zena akafungua mashtaka, na aliyafungua kuanzia mwanzo. Miezi mitatu iliyopita mumewe alianza tabia. Ikikaribia magharibi, anachukua simu, anakwenda nyuma ya banda la kuku, anaweka sikioni, anatabasamu. Mzee wa miaka sitini na tatu, anatabasamia kuku. Yeye akanyamaza, kwa kuwa ni mtu mzima. Ijumaa akaona hapana, akamnyang'anya ile simu katikati ya mazungumzo, akasikia nini? Mwanamke, sauti laini, anamuuliza mume wa mtu leo amekula nini. Hajaulizwa shamba, hajaulizwa ng'ombe, ameulizwa chakula. Na bwana, badala ya kukata, anabonyeza. Anatoa habari za chungu chake nje, kwa mwanamke asiyejulikana kabila wala ukoo.

Jioni hiyohiyo Bi Zena alikwenda kwa Bi Shamsia kulia, akamkuta Bi Shamsia naye analia. Wakaenda wote kwa Firdausi, bi harusi wa mwaka jana, wakakuta ameshafunga begi. Wakazunguka kitongoji, nyumba kwa nyumba, na kila walikoingia wakakuta kilio ni cha sauti ileile. Mwanamke mmoja, waume arobaini, na wote saa kumi na mbili. Kuna waliosema ni jini. Kuna waliosema, hata kama ni jini, nguvu hizo anazitoa wapi.

Atupele akaeleza kwamba ni mtambo. Sauti ilirekodiwa mara moja tu, miezi mitatu iliyopita, ndani ya kabati la nguo. Wanawake wakamsikiliza kwa makini yote, kisha Bi Zena akaagiza kikombe cha maji.

“Weka mdomoni,” akamwambia. “Usimeze. Tuone nani anaongea.”

Hakuna kamati ya maadili ya utafiti iliyowahi kufikiria jambo hilo, na lilikuwa jaribio safi kuliko mengi yaliyowahi kuandikwa. Atupele akajaza maji, mashavu yakavimba pande zote mbili. Brighton, aliyekuwa amejibanza mlangoni na kompyuta yake kifuani, akabonyeza. Simu ya Mzee Mwishehe ikaita juu ya kiganja cha Bi Zena. Akapokea, akaweka spika.

“Habari za jioni,” ikasema ile sauti, laini, inatabasamu.

“Nzuri,” akaitikia Firdausi kwa heshima zote, kabla hajawaza.

Basi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Atupele alijizuia, jamani, alijizuia kweli, machozi yakamtoka, mabega yakatikisika, na wakati sauti yake mwenyewe ilipokuwa inauliza habari za mboga za majani, maji yote yakamtoka kama bomba lililopasuka. Yalimpiga Bi Zena kuanzia kwenye ushungi mpaka kifuani. Simu peke yake iliendelea kuuliza habari za chumvi.

Bi Zena alishika ncha ya kanga yake mpya, akajifuta uso taratibu, jicho moja, la pili, kidevu.

“Huyu hawezi kuiba mume wa mtu,” akasema. “Hata maji yanamshinda.”

Mlipuko wa kicheko kile ulisikika mpaka dukani kwa Latifu, ambaye kwa hofu akatia na komeo. Bi Shamsia alilala chali kwenye mkeka. Firdausi alicheka mpaka akapatwa na kwikwi, wakampa maji, na kwa kuona maji wakaanza upya. Hata Brighton alikaa chini.

Walipotulia, ikatolewa ndoo kutoka chini ya kitanda cha Bi Zena. Ndani yake zilikuwamo simu thelathini na tisa, zimezimwa, kila moja imefungwa kitambaa chenye jina la mwenyewe. Atupele akauliza ya arobaini, ile iliyokuwa inabonyeza mbili.

“Mimi huyo,” akasema Bi Zena. “Nilitaka nijue mwenzangu anauliza nini zaidi. Ukauliza kama amekula mboga. Hakula, sikupika. Nikabonyeza mbili. Kwani kulikuwa na haja gani ya kudanganya?”

Atupele akauliza, kwa sauti ndogo, na zile moja za miezi mitatu je. Wanawake walimtazama kwa huruma. Bi Shamsia ndiye aliyemweleza, kama mtu anayemweleza mtoto. Mwanaume anaulizwa na mwanamke mgeni kama kwake kumepikwa mboga. Aseme hakukupikwa? Amwaibishe mkewe, ajiaibishe na yeye? Atabonyeza moja hata kama amelala na njaa. Na hiyo chumvi wanaulizwa ya nini, wakati mkebe wake hawajui hata uko wapi?

Iliuma. Tuseme ukweli, iliuma sana. Miezi mitatu alikuwa anacheza na mwiko kwa ajili ya adabu za wanaume wa Kibuta. Lakini Atupele ni Atupele. Maumivu yakakaa kidogo, kisha likapanda jambo jingine, kama mtu aliyetafuta funguo mwaka mzima halafu akaambiwa ziko kwa jirani. Alikuwa amewauliza walaji, na wapishi wapo hapa, wamekaa mikekani, wanajua kila kitu. Akatoa daftari. Akauliza chumvi inatiwa kiasi gani. Bi Zena akaonyesha kwenye kiganja. Bi Shamsia akasema hicho ni kidogo, yeye hutia hivi. Wakaanza kubishana, wote kwa pamoja, na Atupele akaandika mpaka vidole vikafa ganzi, akicheka mwenyewe.

Waliagana jioni kwa makubaliano. Simu zitawashwa. Watakaojibu ni wenye vyungu, na watajibu kweli.

Jumatatu jioni zilijibu zote arobaini. Thelathini na sita zilibonyeza mbili. Jumanne hivyohivyo. Jumatano waliobonyeza mbili wakashuka wakawa thelathini na moja, na Atupele alizipenda mbili hizo kuliko zile moja zote, ingawa kwenye mchoro zilionekana kama mradi umedondoka kutoka juu ya mnazi. Brighton alimkumbusha, polepole, kwamba sharti lilikuwa simu kujibu tu. Hakuna aliyesema lazima waonyeshe zimejibu nini. Atupele alikaa na wazo hilo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha akachapisha karatasi zote, za uongo na za kweli.

Alhamisi Dkt. Stellamaris alifika Kibuta, mwanamke mrefu asiyetumia maneno mawili pale ambapo moja linatosha. Wakakusanyika ofisi ya kijiji, wanawake mbele, wanaume nyuma. Daktari akasoma karatasi hadi mwisho, akaweka kidole pale mchoro ulipodondoka, akamtazama Atupele. Atupele akasimulia kila kitu, pamoja na ndoo, pamoja na maji. Watu walicheka tena. Daktari hakucheka.

“Kwa hiyo miezi mitatu umekuwa ukitusifia uongo,” akasema.

“Ndiyo, daktari. Sikujua, lakini ndiyo.”

Daktari alikiri kwamba sharti limetimia. Ila sharti lile, alisema, aliliandika akiwa hajui anauliza nini. Hawa mama wamejibu wiki hii kwa sababu wamecheka. Kicheko kitaisha, mvua zitakuja, shamba litaita, na hakuna atakayepokea simu kwa ajili ya kumfurahisha mtafiti. Alimwomba Atupele amwonyeshe kitu kimoja tu kitakachowafanya wapokee mwakani. Atupele akafungua daftari lake, akapekua kurasa za chumvi moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Aliyaona mabango yake ya zamani yamekunjwa kwenye kona ya ofisi, yanamsubiri.

Nyuma ya chumba mkono ulinyooshwa. Alikuwa Mzee Mwishehe, kofia yake ameivua, ameishika kwa vidole viwili. Alitaka kuuliza tu kama wao wanaume ndiyo basi tena, hawatapigiwa. Watu wakaanza kuguna. Bi Zena akageuka kumtazama.

“Ni kweli nilidanganya,” akasema mzee. “Nilikuwa nabonyeza moja. Lakini mimi watu huniomba mbegu, huniletea kesi za mipaka, hunisalimia vizuri. Kuniuliza kama nimekula, tangu mama yangu afariki, hakuna. Ile ilikuwa inaniuliza.”

Wanaume wa nyuma walikuwa wanatazama sakafu, karibu wote. Bi Zena alikaa akiwa amemtazama mumewe, na usoni mwake mlipita mambo mengi. Angeweza kuudhika, maana miaka thelathini na moja sahani inatoka mkononi mwake, amuulize vipi tena kama amekula? Hakuudhika. Aliinuka, akajitanda kanga vizuri, akamwendea Brighton.

“Baba, hiyo sauti inaingizwaje?”

Brighton akamwonyesha pa kusemea. Bi Zena akauliza kama kila simu inaweza kuwekewa sauti ya mke wa mwenyewe, ya Mwishehe ikawa ya Mwishehe, ya Latifu ikawa ya Latifu. Brighton akahesabu kidogo kwa vidole, akasema inawezekana, ni kazi ya siku moja. Basi Bi Zena akainama mbele ya kompyuta. Mara ya kwanza alitangaza kama mtu anayesoma tangazo la msiba, ikabidi kufuta. Mara ya pili alishikwa na kicheko. Mara ya tatu akafumba macho, akasahau mboga, akasahau chumvi, akasahau na vya kubonyeza.

“Mume wangu,” akasema. “Umekula?”

Mzee Mwishehe alikuwa hatua nne tu nyuma yake. Hakungoja saa kumi na mbili. Alisimama.

“Nimekula, mama Hashiru,” akasema. “Nimeshiba.”

Hakuna aliyecheka. Bi Shamsia alikuwa ameshapanga foleni nyuma ya Bi Zena, akimsogeza Firdausi kwa kiwiko, na nyuma ya Firdausi mstari ulikuwa umefika mlangoni. Dkt. Stellamaris aliutazama mstari ule mpaka mwisho wake, kisha akaomba kalamu ya kutia saini.